Kengele, jembe na mlango: masista Wabenedikto na historia yao karibu na kwetu

Vijana wenzangu wa Nakivale, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusoma kutoka Mbarara, kwenye mfululizo wetu wa historia tumeshaandika juu ya vita, mipaka, marais. Nilipotaja kwamba zamu yangu nitaandika juu ya masista wa monasteri, kuna mtu aliniuliza: "Sasa bamasista wanatuhusu nini sisi?" Swali zuri, nami nalijibu hapa.

Wanatuhusu kwa sababu wao ni mafundi wa jambo ambalo sisi tunalifanya kila siku: kuishi pamoja na watu ambao hukuwachagua, mahali pamoja, kwa chakula kilichopimwa, na saa zilizopangwa na mtu mwingine. Tofauti ni kubwa, najua. Wao waliingia kwa hiari yao, sisi tulifukuzwa na risasi. Lakini wao wamefikiria juu ya maisha hayo kwa miaka karibu 1,500 na wameyaandika, na historia yao inapita kwenye milima ambayo wengi wetu tumetoka. Tena kuna sehemu ya historia hiyo inayouma. Nitaifikia.

Tuanze na kitabu. Benedikto wa Nursia alizaliwa Italia kama mwaka 480, yaani miaka michache tu baada ya dola la Roma upande wa magharibi kuanguka. Ilikuwa nchi ya majeshi yanayopita, njaa, na watu wanaohama. Alianzisha jumuiya juu ya mlima wa Monte Cassino, na huko akaandika Kanuni yenye sura 73, nyingine fupi kuliko ujumbe wa WhatsApp. Mapokeo yanasema dada yake, Skolastika, naye aliishi maisha ya wakfu karibu na hapo. Kanuni iliandikwa kwa wanaume, lakini wanawake waliichukua na kuifanya yao, na mpaka leo wapo.

Ukiisoma ukitegemea mambo ya mbinguni tu, utashangaa. Kumbe nusu yake ni mambo ya jikoni! Zaburi zote 150 zinasaliwa ndani ya wiki moja, ndiyo. Kengele inagonga usiku, alfajiri, mchana, jioni, na kila mara mtu anaacha alichoshika. Lakini hapo hapo Benedikto anaeleza nani anapika wiki hii, na kwamba anayemaliza zamu yake lazima afue vitambaa na kurudisha vyombo vikiwa safi na vikiwa kamili, vihesabiwe, ndipo vikabidhiwe kwa anayeingia. Mtunza ghala anaambiwa avitunze vyombo vyote vya nyumba, hata jembe, kama vile ni vyombo vya altare. Aliyewahi kuishi watu saba kwenye nyumba moja yenye sufuria moja anajua kwa nini mambo hayo yakaandikwa kwenye kitabu kitakatifu.

Hakuna mwenye mali yake. Kwa hiyo mkuu wa nyumba anakagua mpaka vitanda, aone kama kuna mtu ameficha kitu chini ya godoro. Ukipewa nguo mpya unarudisha ya zamani ghalani, maskini wapewe. Wakati wa kuamua jambo kubwa, wote wanaitwa, na mdogo kabisa anasikilizwa, kwa sababu Benedikto aliamini kwamba mara nyingi Mungu humfunulia kijana lililo bora. Hiyo sura ya tatu ningependa isomwe kwenye mikutano fulani ninayoijua, lakini tuendelee.

Sura ya 34 ndiyo iliyonifanya nikae chini nifikiri. Inahusu mgao: je, wote wapate sawa? Jibu lake ni hapana. Kila mtu apate kulingana na uhitaji wake. Asiyehitaji sana amshukuru Mungu wala asinung'unike. Anayehitaji zaidi asijivune kwa sababu ya huruma aliyoonyeshwa. Sasa sisi hapa, tangu mwaka 2023 WFP ilipotugawa kwenye makundi matatu kwa kiwango cha uhitaji, tumeishi ndani ya swali hilohilo. Mwaka huo walio dhaifu zaidi walipata zaidi, wengi walipata kidogo, wengine walitolewa kabisa. Kwenye karatasi ni kama sura ya 34. Lakini kuna tofauti ambayo ndugu wa mashirika naomba waiangalie. Kwenye monasteri anayeamua nani ana uhitaji analala nyumba moja na anayeamuliwa. Anamjua jina, anamwona akikohoa, anamsikia usiku. Benedikto hakuamini kwamba mgao kwa uhitaji unawezekana bila kumjua mtu, na ndiyo maana aliweka hizo kengele zote na meza moja: watu wajuane.

Kitu kimoja cha kusahihisha. Ile kaulimbiu ya "sala na kazi" ambayo kila mtu anaitaja kwa Wabenedikto haimo kwenye Kanuni yenyewe. Ilikuja baadaye sana. Kanuni inaweka mambo matatu kwenye siku, siyo mawili: sala, kazi ya mikono, na kusoma. Kusoma kumesahaulika kwenye kaulimbiu, na kwangu mimi hilo ni jambo la kusikitisha.

Walifikaje Afrika Mashariki? Huko Ujerumani, mwaka 1884, padre Andreas Amrhein alianzisha jumuiya ya wamonaki ambao wangekuwa pia wamisionari, na mara moja wanawake wakajiunga. Hao wanawake ndio baadaye wakajulikana kwa jina la Tutzing, mji walikohamia mwaka 1904. Kundi la kwanza, mabruda na masista pamoja na padre mmoja, lilifika pwani ya Dar es Salaam mwanzoni mwa 1888 na kujenga Pugu. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ilishambuliwa. Sista Martha Wansing aliuawa hapo pamoja na mabruda wawili. Wengine walichukuliwa mateka.

Wakarudi. Mwaka 1898 Peramiho ikaanzishwa huko Songea. Halafu ikaja Maji Maji. Tarehe 14 Agosti 1905, porini Mikukuyumbu, njiani kutoka Kilwa kwenda bara, aliuawa askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, wawili wao masista: Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Kanisa linawakumbuka. Na ni sawa kuwakumbuka, mradi tusisahau kwamba wananchi wa kusini waliokufa kwa vita ile na njaa iliyoletwa na jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wanahistoria wengine wanasema laki na zaidi. Masista walifika kwenye meli moja na dola. Hawakuwa dola, lakini mtu aliyekuwa kijijini hakuwa na namna rahisi ya kuona tofauti.

Wale wanaosali kwa Kiswahili hapa Base Camp au Rubondo wanaweza kufungua ukurasa wa kwanza wa vitabu vyao vya zamani. Vingi vimeandikwa Ndanda-Peramiho. Ni mashine za kupiga chapa za Wabenedikto hao hao.

Sehemu inayonifurahisha zaidi ni Chipole. Wasichana Waafrika wa upande wa Songea waliotaka maisha hayo walianzishiwa shirika lao, la Mtakatifu Agnes, mwaka 1938, chini ya abati-askofu Gallus Steiger wa Peramiho. Makao yao ni Chipole, mbali na mji, barabara ya vumbi. Wanalima, wanafuga, wanafundisha, wanauguza, na kengele inagonga kama Monte Cassino. Sasa sikilizeni hii. Songea kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta za dizeli, na umeme ulikuwa wa kubahatisha. Masista wa Chipole walikuwa tayari wana mtambo wao mdogo wa maji. Wakaamua kujenga mkubwa, kwenye mto Ruvuma, mahali panapoitwa Tulila. Mwaka 2015 ukaanza kazi: megawati 5, na umeme wanaiuzia TANESCO. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018, yaani masista walitangulia kuwasha mji.

Kuna watu wanapenda kuona mtawa kama mtu wa kuombewa chakula. Hawa wanawake walikopa, walisimamia wahandisi, walifanya mkataba na shirika la umeme la serikali, na saa sita mchana ikigonga kengele, wanaacha na kwenda kusali. Kwenye vikundi vyetu vya kuweka na kukopa tunagombana juu ya laki tatu za Uganda. Ningependa mmoja wao aje siku moja atueleze daftari lao la mahesabu linakaaje.

Karibu zaidi na sisi wapo watawa wa Butende, jirani na Masaka, mji ambao basi la Mbarara kwenda Kampala linapita. Hao ni Watrapisti, tawi linalofuata Kanuni ileile ya Benedikto kwa ukali zaidi: ukimya mwingi, na hawatoki kwenda kufundisha au kuuguza. Wapo Uganda tangu mwaka 1964. Wakongomani wa Kivu Kusini pengine wanaijua Murhesa, karibu na Bukavu, ambako wapo masista wa familia hiyo hiyo.

Sasa nifike pale panapouma. Najua hapa Nakivale tuko watu wa kila upande, na jina ninalolitaja kuna jirani yako ambaye kwake siyo historia, ni ndugu zake. Nitaandika kile kilichothibitishwa mahakamani na nitaandika taratibu.

Sovu ni kilima karibu na Butare, ambako leo kunaitwa Huye, kusini mwa Rwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Wabenedikto wanawake kutoka abasia ya Maredret huko Ubelgiji walianzisha monasteri pale. Angalieni hiyo tarehe. Ni miaka ileile ambayo Wanyarwanda wa kwanza walikuwa wanakimbia vurugu za 1959 na kuwekwa hapa, kando ya ziwa la Nakivale. Kilima kimoja kinajenga nyumba ya kukaribisha wageni, na watu wa nchi hiyohiyo wanaanza kuwa wageni hapa kwetu. Sovu ilikua. Masista wakawa Wanyarwanda, Wahutu na Watutsi, wakisali zaburi kwenye kiti kimoja. Pembeni palikuwa na kituo cha afya. Palikuwa pia na nyumba ya wageni, kwa sababu sura ya 53 ya Kanuni inaagiza kwamba kila mgeni anayefika apokelewe kama Kristo mwenyewe, hasa maskini na mpita njia.

Mwezi Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipofika upande wa Butare, maelfu ya Watutsi wa vilima vya jirani walikimbilia Sovu. Mkuu wa monasteri wakati huo alikuwa Sista Gertrude, jina lake la kuzaliwa Consolata Mukangango. Mashahidi walieleza mahakamani kwamba watu wengi hawakuruhusiwa kukaa monasteri na walielekezwa kituo cha afya. Tarehe 22 Aprili wanamgambo na wanakijiji walikishambulia kituo. Watu mamia waliokuwa wamejifungia kwenye gereji walichomwa moto humo. Mashahidi walisema petroli ilitolewa na masista wawili, Gertrude na Maria Kisito, aitwaye Julienne Mukabutera. Wao walikana.

Walibaki wachache ndani ya monasteri. Wengi wao walikuwa ndugu wa damu wa masista Watutsi: wazazi, kaka, watoto wa dada. Tarehe 5 Mei Sista Gertrude alimwandikia meya wa wilaya barua. Barua ipo, ilisomwa. Aliomba watu hao waondolewe kabla ya kesho yake, ili shughuli za kawaida za monasteri ziendelee kwa utulivu. Tarehe 6 Mei walitolewa, wakauawa.

Nimeisoma habari ya barua hiyo mara nyingi. Shughuli za kawaida, yaani sala, kazi na kusoma. Yale yote niliyowaeleza huko juu, zamu ya jikoni, vyombo safi, kengele, yanatajwa kama sababu ya kuutoa mlangoni mwili wa mama wa sista mwenzako. Ratiba ya siku ililindwa, na sura ya 53 ikatupwa nje. Utetezi wao mahakamani ulikuwa kwamba waliogopa, kwamba mkuu alitaka kuokoa maisha ya masista wenyewe, kwamba wanamgambo walikuwa na silaha na wao hawana kitu. Hofu ilikuwa ya kweli, sitaibeza mimi ambaye najua magoti yanavyotetemeka. Lakini mahakama ilipima hofu hiyo na ikaona kwamba kulikuwa na zaidi yake.

Kesi ilifanyika Brussels. Baada ya vita masista walikuwa wamehamishiwa Ubelgiji, wakapokelewa Maredret. Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1993 iliruhusu mahakama zake kuhukumu uhalifu wa kivita popote ulipotendeka. Mwezi Aprili 2001 kesi ikafunguliwa dhidi ya Wanyarwanda wanne: masista wawili, profesa mmoja wa chuo kikuu, na mfanyabiashara aliyewahi kuwa waziri. Mbele yao walikaa raia wa kawaida wa Ubelgiji, baraza la wazee wa mahakama. Waliotoa ushahidi ni pamoja na masista wenzao wa Sovu, wale ambao ndugu zao waliuawa. Tarehe 8 Juni 2001 wote wanne walikutwa na hatia. Gertrude alipewa miaka 15, Kisito miaka 12. Ilikuwa mara ya kwanza raia wa kawaida wa nchi moja kuwahukumu watu kwa yale yaliyotendeka kwenye mauaji ya kimbari ya nchi nyingine.

Kabla ya hukumu, watu wengi wa Kanisa huko Ulaya waliwatetea masista hao. Shirika la African Rights lililochunguza mambo hayo lilitoa mwaka 2000 ripoti nzima likilalamika kwamba ukweli wa Sovu unafunikwa. Inaeleweka: nani anataka kuamini? Na masista waliosema ukweli walitakiwa kuvunja kitu ambacho Kanuni inakithamini sana, utii kwa mkuu. Walikuwa wameapa kutii. Waliishi kwa kutii tangu usichana wao. Kisha wakasimama mbele ya majaji wa kigeni na kusema alichofanya mama mkuu wao. Mimi naona hao ndio waliolishika lile jambo la sura ya tatu, la mdogo kusikilizwa.

Wamasisi wenzangu wataniambia: na Mokoto je? Kweli. Monasteri ya Mokoto, Masisi, ilikuwa ya wanaume Watrapisti, Kanuni ileile. Mwaka 1996 mamia ya Watutsi waliokimbia walikuwa wamepokelewa pale. Mwezi Mei wanamgambo walivamia wakaua watu hata kanisani, na wamonaki nao ikawabidi kukimbia. Pale mlango ulifunguliwa, na haukutosha. Naitaja ili mtu asidhani kwamba kufungua mlango kunaleta ulinzi, kama hirizi. Mlango ni mbao tu.

Wapo pia wanaotaja jina la Félicité Niyitegeka wa Gisenyi. Yeye hakuwa Mbenedikto, alikuwa wa Wasaidizi wa Utume, lakini mwaka 1994 aliwaficha Watutsi nyumbani kwao na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Goma. Alikuwa Mhutu. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alitaka kumtoa peke yake aokoke. Alikataa kuwaacha aliokuwa nao, akauawa pamoja nao tarehe 21 Aprili 1994, siku moja kabla ya kituo cha afya cha Sovu kuchomwa. Nchi moja, wiki moja, wanawake wawili wa Kanisa moja.

Sura ya 66 ya Kanuni inahusu mlinda mlango. Inataka awekwe mzee mwenye busara, ambaye umri wake hautamruhusu kuzurura, na chumba chake kiwe pale pale mlangoni, ili anayebisha hodi amkute mtu wa kumjibu. Akisikia hodi, au sauti ya maskini, aitike haraka kwa upole. Ndugu wa mashirika, nyinyi na sisi tunajua foleni za mapokezi, tunajua dirisha linalofungwa saa nane, tunajua "rudi wiki ijayo". Benedikto hakumweka kijana wa miezi sita ya mkataba kwenye kiti hicho. Alimweka mtu ambaye haondoki.

Baadhi ya masista wa Sovu walirudi Rwanda baada ya vita. Walikuta nyumba imeporwa na kilima kimejaa makaburi. Waliifungua tena monasteri. Leo wapo pale, wanasali zaburi zilezile, wanalima, na kwenye kilima hichohicho kuna mahali pa kumbukumbu ya waliouawa. Mgeni anayepanda Sovu anafika kwenye vyote viwili, na anayemfungulia mlango ni sista.